Sauti ya Mama Ilipogoma Kutoka

Mama mkubwa alifika kwangu Shanwe saa nne asubuhi, akitokea Kapalamsenga, na kiroba cha dagaa mkononi. Ndiye dada pekee wa marehemu mama yangu. Nilikuwa nimempigia simu kumwambia kwamba kwenye kompyuta yangu nina rekodi ya mama akisimulia utoto wao kwa Kibende, lugha ya kwao. Akaja kumsikiliza mdogo wake. Kesho yake ilibidi arudi.

Nilimwekea kiti, nikaifungua rekodi. Ile mistari ya kijani ya kwenye skrini ikawa inapanda na kushuka, ishara kwamba mama anaongea, lakini spika hazikutoa kitu.

Nikaongeza sauti mpaka mwisho. Nikazima kompyuta, nikawasha tena, nikaifungua rekodi upya. Nikachomoa spika, nikazichomeka kwenye simu yangu, zikapiga muziki vizuri tu, nikazirudisha kwenye kompyuta. Nikawaza kuihamishia rekodi kwenye simu. Waya wake nikautafuta kila droo nisiuone. Nikarudi kwenye mipangilio, nikawa nabofya vitu nisivyovijua, huku naogopa nitaifuta rekodi yenyewe. Nikatoka uani, nikaingia, nikatoka tena.

"Kaa basi, mwanangu," mama mkubwa alisema.

"Nitakaa ikisikika."

"Mara ya mwisho ilisikika lini?"

"Mwezi uliopita."

"Na tangu hapo umebadilisha nini?"

Nilitaka kujibu hakuna. Kisha nikaitazama monita. Ile ya zamani ilikufa, nikanunua hii wiki mbili zilizopita, na tangu siku hiyo sikuwa nimesikiliza chochote. Nikabofya alama ya spika pale chini. Ikatokea orodha: kompyuta ilikuwa inapeleka sauti kwenye monita mpya, ambayo haina spika hata moja. Nikachagua spika zangu.

Sauti ya mama ikalipuka katikati ya sentensi, maana nilisahau kuipunguza. Mama mkubwa alishtuka, akashika meza. Niliipunguza, nikairudisha mwanzo.

Alisikiliza ameinamisha kichwa. Mama alipofika kwenye siku yao ya kwanza shuleni, akieleza jinsi dada yake alivyolia mpaka akarudishwa nyumbani, mama mkubwa aliinua uso.

"Muongo huyu," alisema. "Aliyelia ni yeye. Mimi ndiye niliyemrudisha."

Akacheka, akajifuta macho kwa kanga, akaniomba nirudishe nyuma. Tulisikiliza mara tatu. Sikukaa hata mara moja. Nilisimama nimeshika mausi, kama vile sauti ingetoroka nikiiachia. Mara ya tatu mama mkubwa alianza kumjibu mdogo wake kwa Kibende, harakaharaka, nikashindwa kufuata.

Jioni nilikwenda dukani nikanunua memori kadi, nikamwekea rekodi kwenye simu yake. Niliijaribu mara nne kabla ya kumkabidhi.