Siku Mama Alipokishika Kidevu Changu

Mimi ni mtu wa haraka. Nakunywa chai ikiwa bado inachoma, na ndevu zangu nampelekea kinyozi wa Mogogosiek kila Jumamosi azimalize kwa mashine huku nasinzia. Siku ninayotaka kusimulia ilikuwa Jumatano. Ndevu zilikuwa za siku nne, na kiwandani kwetu mwenye ndevu haingii mahali majani ya chai yanaposindikwa mpaka avae kijifuko cha wavu cha kufunika kidevu. Sikutaka mama anione na kijifuko.

Maana siku hiyo mama alikuwa anakuja. Wakulima wa kituo chetu cha kupimia majani walikuwa wamealikwa kuzunguka kiwanda, na mimi ndiye niliyepangiwa kuwaongoza kwa Kikipsigis. Mama amechuma chai tangu nikiwa mgongoni mwake, lakini kiwanda alikijua kwa nje tu, ukuta na moshi. Wiki mbili nzima alikuwa ametangazia kituo kwamba mwanawe mwenyewe ndiye atakayewaingiza ndani. Wengine walikuwa wameanza kumwambia basi tutaona.

Basi nikanunua wembe mpya. Nikanyoa nje kwa maji baridi, kioo kidogo nimekitundika kwenye nguzo ya zizi, nikipandisha wembe kutoka shingoni kinyume na ndevu zinavyolala. Ng'ombe akakohoa, nikageuka. Nikajikata chini ya mdomo, pale kidevu kinapobonyea. Kijeraha chenyewe hakikuzidi punje ya wimbi, lakini kidevu kina damu jamani! Nikabandika kipande cha tishu, nikahesabu hadi ishirini, nikakibandua kuangalia. Damu. Nikabandika kingine, nikakibandua. Damu tena. Nikajaribu chumvi, nikaruka mpaka ng'ombe naye akashtuka. Mwishowe nikabandika tishu nyingine, nikavaa dasikoti, lile koti letu la kazi, nikaenda kazini.

Mlangoni pa sehemu ya kusindika kuna mstari mwekundu sakafuni. Nyuma yake husimama mama mmoja aliyetoka kule kando ya ziwa, msimamizi wa usafi, ambaye hata meneja humwonyesha kucha kabla ya kupita. Alipokuwa anakuja kunikagua, nikaona heri niing'oe ile tishu iliyokauka ili nionekane nadhifu. Ikatoka na kila kitu. Damu ikashuka hadi kwenye kola.

"Wewe hupiti," akasema.

"Madam, ni wembe tu."

"Hata kama ni mwiba. Mtu anatoka damu hapiti hapa. Wageni wanaingia saa tatu, na leo sina mwingine wa kuwaongoza. Kama hiyo kitu haijasimama, nawaambia warudi mwezi ujao."

Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu kasorobo. Hapo hapo nikasikia salamu ya kwetu, "Chamgei!", nyuma yangu. Wakulima walikuwa wamefika, mama mbele yao, kichwani kafunga kitambaa chake cha kanisani. Alikuwa amesikia yote. Niliona aibu sana, na zaidi ya aibu nilimwonea huruma, kwa sababu wale wa "tutaona" walikuwa wamesimama kando yake.

Kila mtu akageuka daktari. Mmoja akataka majivu, mwingine sukari. Mzee mmoja alikuwa tayari anatafuna jani bichi la chai anibandike, msimamizi akamwambia ama alimeze ama akaliteme nje.

Mama hakubishana na mtu. Alinawa mikono kwa sabuni, akapokea kitambaa safi kutoka sanduku la dawa la msimamizi, akanikalisha kwenye benchi na kunikandamiza kidevu kwa kidole gumba. Lile gumba limechuma majani miaka mingi. Nilihisi meno yakitaka kuhama.

"Imesimama?" nikauliza baada ya muda.

"Nyamaza." Aliongea Kiswahili makusudi, msimamizi asikie.

"Angalia kidogo tu, Mama."

"Siangalii. Tangu asubuhi umeangalia mara ngapi?"

Nikanyoosha vidole vitatu.

"Si ndio hiyo! Damu inajifunga yenyewe, wewe unaifungua. Kila ukiangalia unaanza upya. Madam, nihesabie dakika kumi."

Msimamizi akatazama saa yake na kuanza kuhesabu kwa sauti. Kufikia dakika ya tatu wakulima wote walikuwa wanahesabu naye. Mimi hapo, mwanamume mwenye mke na watoto wawili, nimeshikwa kidevu kama ndama anayepewa dawa. Mama naye akawasimulia jinsi nilivyokuwa nikifukua viazi alivyopanda ili nione kama vimeota. Wakacheka. Mimi sikuruhusiwa kucheka.

Karibu dakika ya sita aibu ikaniisha. Hakuna aliyekuwa amenishika uso hivyo tangu nilipoanza kuota ndevu. Nilifurahi, nilifurahi kabisa, hata nikatamani damu isiwe na haraka.

Dakika ya kumi ilipotimia, mama alilowesha ukingo wa kitambaa kwa maji na kukiinua polepole. Pakavu. Msimamizi akainama, akakagua, akanibandika plasta ya buluu. Huwa ya buluu kwa sababu kwenye chai hakuna kitu cha rangi hiyo, ikidondoka itaonekana mara moja. Kisha akakagua mikono ya wageni, akakuta kidole cha shahada cha mama kimepasuka kwa kuchuma, naye akabandikwa yake. Saa tatu kamili tukavuka mstari, mama akitembea ubavuni mwangu kidole kikiwa juu. Wale wa "tutaona" wakafuata nyuma.

Aliuliza kila kitu. Kwenye vitanda vya kunyaushia alitaka kujua majani yake ni yapi. Mwisho tukafika chumba cha kuonjea, vikombe vimepangwa mezani. Mwonjaji akavuta chai kwa kijiko kwa kelele, akaizungusha mdomoni, akaitema ndooni. Wakulima wakaguna. Akampa mama kijiko chake. Mama akavuta kwa kelele kumshinda, akameza.

"Unatema, mama," mwonjaji akasema kwa upole. "Ziko nyingi za kuonja."

Mama akajibu kwa Kikipsigis, akanitazama nitafsiri. Nikamgeukia mwonjaji: "Anasema hii chai ya daraja la kwanza huwa inapelekwa kuuzwa mbali, hajawahi kuionja tangu aanze kuichuma. Anasema hawezi kuitema."

Mwonjaji akaisukuma ndoo pembeni kwa mguu, akamsogezea kikombe cha pili.