Mugonjwa wa Miaka Thelathini na Nane

Hata leo nikipita mbele ya baraza ya mukwe wangu pale Kasongo natembea mbio, uso nimeugeuza upande mwingine, maana kila mutu wa ile nyumba, mpaka mama wa jirani aliyekuja kuomba chumvi tu, alisikia siri zangu kwa sauti yangu mwenyewe. Na hakuna aliyeniloga. Ni kidole changu.

Mi ni infirmye, natunza watu wenye ugonjwa wa akili kule Lusangi, na nusu ya kazi yangu iko ndani ya simu. Mainfirmye tuko na grupu yetu: mutu akiwa na mugonjwa mugumu anarekodi vokali, ujumbe wa sauti, anamueleza bila jina, miaka na dalili tu, wenzake wanamupa mawazo. Kazi nzuri, sikatai. Lakini kisha ya kazi, simu ilikuwa haitoki mukononi, mara mupira, mara habari za vita, mara vichekesho vya watu nisiowajua, na bibi yangu Mwajuma akiniongelesha namujibu "mm", akirudilia namukaripia. Alivumilia ile "mm" miezi mitatu, kisha akachukua watoto wetu wawili akarudi kwa baba yake.

Nikakaa wiki mbili bila usingizi. Kumuambia mutu? Mimi, ninayewafundisha watu kila siku waseme kinachowasumbua? Haya ilinishika. Basi nikajifanya mwerevu: nitajieleza kwa grupu ya mainfirmye kama mugonjwa, watanipa mawazo na hakuna atakayejua.

Siku ya kwenda kumuomba Mwajuma arudi, mutu wa moto, pikipiki ya kukodi, anapiga honi inje, nikarekodi vokali mbili haraka haraka, moja ya mugonjwa kwa mainfirmye, moja ya kutangaza safari kwa grupu ya familia ya bibi yangu, eti naja leo kwa heshima zote. Asubuhi ile rezo, mutandao wa simu, ilikuwa imekatika (vokali zinalala tu ndani ya simu mpaka ufike pahali rezo iko, njo zinaenda zenyewe), kwa hiyo sikuona nimezipeleka wapi. Nikatia simu mufukoni, nikapanda moto.

Nilifika kiuno kinalia. Wakanikalisha mukekani mbele ya Mzee Ramazani, baba mukwe wangu, na shemeji zangu watatu. Mwajuma alikuwa nyuma ya pazia.

"Binti yangu anasema ile simu njo bibi yako mukubwa," Mzee akaniambia.

"Hapana, Baba. Simu niliisha kuiacha. Tena mi sina shida yoyote, ni hasira za wanawake tu."

Hapo hapo mufuko ukaanza kutetemeka. Rezo imekuja. Ikatetemeka tena, na tena, mara kumi hivi, na mimi nimetoka kusema niliiacha, nitaitoaje? Nikajikalia mukono. Ningetazama mara moja tu, ningeona, ningefuta. Sikutazama.

Simu za shemeji zikalia pamoja. Ya Mzee pia. Na Mzee hasomi maandishi madogo, kila vokali anaifungulia sauti yote.

"Wenzangu, niko na mugonjwa," sauti yangu ikasema katikati ya baraza. "Mwanaume, miaka thelathini na nane, baba wa watoto wawili. Halali usingizi. Anashika simu mpaka inamuanguka usoni, anasema inamusahaulisha mambo anayosikia kazini. Bibi yake amekwenda. Anamupenda, lakini akimuona mudomo unakauka. Tena yeye anamuogopa sana mukwe wake. Nimutunze namna gani?"

Shemeji mudogo akaficha uso kwa kofia, mabega yanacheza. Mama wa chumvi akauliza kwa huruma ya kweli, "Maskini, huyo mutu iko wapi sasa?"

"Iko hapa," Mzee akamujibu. "Amekalia mukeka wangu."

Nilitamani nimezwe na udongo. Pazia likafunguka, Mwajuma akaja akasimama mbele yangu.

"Baba Aisha, huyu mugonjwa mbona hukunionyesha mimi?"

"Nilisikia haya," nikasema. "Kule kazini wananimwagia yote, nikifika nyumbani sina neno limebaki. Ila nyumba bila wewe siiwezi."

Akanyoosha mukono, nikamupa simu. Akasoma majibu ya mainfirmye, ambao walipokea ile vokali ya "naja leo kwa heshima zote": Karibu sana. Uje na samaki. Kwani umekosea nini? Akacheka mpaka akakaa chini, na mimi nikajua nitarudi Lusangi na watoto wangu. (Tulikaa pale siku tatu, na kila aliyepita barabarani alinisalimia, "Mugonjwa, umeamkaje?")

Niliapa, na kiapo bado nakishika: nikivuka mulango wa nyumba, simu inaingia ndani ya kikapu cha Mwajuma, na mugonjwa yeyote anayefanana na mimi namupeleka kwake kwanza. Yule wa kwanza sasa iko na miaka thelathini na tisa. Dawa ya kikapu bado anakunywa, lakini analala.