Upande wa Dirisha

Wifi yangu ni fundi cherehani. Mtaani tunamwita Rula, kwa kuwa mshono wake haujawahi kupinda. Ana sheria moja: dirisha likae kushoto, mkono wa kulia usiutie mshono kivuli. Chumba chake cha kushonea ni chembamba, kwa hiyo mtoto wake mchanga alilala kwenye boksi la vitambaa kando ya mashine, kutwa. Alipotimiza miezi minne, kichwa kilikuwa kimebonyea nyuma upande mmoja, na sikio limesogea mbele.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo kliniki alimpima. “Shingo imeanza kukaza. Mgeuze, na akiwa macho mlaze kifudifudi. Baada ya wiki sita, tofauti ya pande mbili isipopungua, atahitaji kofia maalumu ya kurekebisha kichwa. Hapa kwetu haitengenezwi.”

Mama yangu alicheka. “Huyu wifi yako alizaliwa na kichwa kama kiatu,” alimwambia Rula, akininyooshea mimi kidole. “Nilikikanda kwa mikono hii!” Kukanda kulishakatazwa kliniki, lakini mwambie mama uone.

Basi Rula akawa wa kugeuza. Anamgeuza, anakanyaga pedeli, akiinama tena mtoto kesharudi kulekule. Kifudifudi ndiyo usiseme, kilio mpaka jirani anagonga ukuta. Kutwanga maji kwenye kinu. Wiki ya tatu alimpima mwenyewe kwa utepe wake wa kazi, akautupa sakafuni.

“Ile ile! Nguo za watu nanyoosha, mwanangu nimempinda mwenyewe!”

Alilia, nami nikakasirika. Kila mtu alimwambia ageuze kichwa. Hakuna aliyeuliza mtoto analala wapi, mimi nikiwa wa kwanza, ninayeshinda pale nikitia vifungo. Nikachuchumaa kando ya boksi nitazame anachotazama.

“Wifi, huyu si mbishi. Anafuata mwanga.”

Kuligeuza boksi peke yake haikuwezekana, kichwa kingekaa kwenye pedeli. Ilibidi meza yote izungushwe, mwanga umjie mtoto upande wa pili, na dirisha lije kuliani kwa Rula. Alinitazama kana kwamba nimemwambia ashone amefumba macho. Kisha akashika meza upande mmoja, nami mwingine.

Wiki sita zilipotimia, mtaalamu alipima mara mbili. Imepungua, kidogo. Kofia isubiri, endeleeni, mrudi baada ya wiki sita nyingine. Nyingine! Rula alimfunga mtoto mgongoni tukaondoka.

Tuliporudi kazini tulimkuta mteja ameshika gauni lake, mshono wa ubavuni umepinda waziwazi.

“Rula, hii ni kazi yako kweli? Si urudishe mashine ilipokuwa?”

Wifi aliangalia dirisha, akaangalia mshono. Aibu ilimjaa usoni.

“Lete, dada,” alisema. “Huo nitaufumua.”

Akamlaza mtoto kwenye boksi, akakaa palepale kivulini, dirisha bado kuliani.