Jedwali la Mashine Nyingine

Mtu akiniambia kompyuta ina akili, hunikasirisha. Nilifanya kazi nazo Bunia wakati wa vita, nikaona zinavyosadiki kila kilichoandikwa, bila kuinua macho.

Nilikuwa fundi wa kompyuta katika chumba cha redio cha parokia moja. Tulipeleka habari za watu: fulani yuko hai, fulani asirudi. Kwa sauti hatukuthubutu tena, maana kila mwenye bunduki alikuwa akisikiliza, na ukitaja mtu na barabara atakayopita, umemkabidhi. Kwa hiyo tuliandika ujumbe kwenye kompyuta, modemu ikaugeuza kuwa milio, na redio ikaurusha hadi Niania, kwenye chumba kama chetu.

Waporaji walipopita waliibeba ile kompyuta. Tukainunua tena sokoni, kama vile watu wa Bunia walivyonunua tena magodoro yao wenyewe, na bado tukasema asante. Haikuwaka. Chipu ndogo inayobeba programu ya kwanza, ile inayoiamsha mashine, ilikuwa imekufa. Mzee wa fonia, yaani mwendesha redio, mkubwa wangu kazini, akatafuta mashine mbovu ya chapa ile ile, akang'oa chipu yake na kuipachika kwetu. Tuliishi hivyo miaka ile, maiti wa mashine wakiwaponya wagonjwa. Ikawaka, tukafurahi kama watoto.

Asubuhi iliyofuata tukasikia kwamba vijana wa kabila letu wamefunga barabara nje ya mji na wanaua watu wa upande wa pili. Dada yangu mkubwa alikuwa Niania, akingoja lori la kwanza aje kumwona mama aliyekuwa mgonjwa. Vijana wetu wasingekuwa na neno naye, ila baba yetu alikuwa mwalimu wa kuhamishwahamishwa, na kadi ya utambulisho ya dada iliandikwa kule alikozaliwa, kwa wale wengine. Kwa kadi, alikuwa mtu wa upande wa pili. Nilitaka neno moja tu limfikie: usitoke.

Nikawasha. Kompyuta ikasema haina mahali pa kuchomeka modemu. Tundu lilikuwa pale, nyuma, nikiligusa kwa kidole changu, na mashine inakana. Nikabadilisha waya, nikasafisha, nikaitukana. Jenereta lilikuwa na mafuta ya asubuhi ile tu.

“Wacha, mutoto yangu,” mzee wa fonia akaniambia. “Ile tundu iliungua.”

Sikuacha. Nikaizima, nikaiwasha upya, safari hii nikisoma mistari inayopita kwenye kioo wakati inaamka. Programu ya ile chipu huipa kerneli, yaani moyo wa mfumo wote, jedwali la vifaa: kipi kipo, kiko anwani gani, kinaita kwa njia ipi. Vifaa vingine hujua kujitaja vikiulizwa. Lakini tundu la zamani kama letu halijui kujitambulisha, na kerneli hulijua kwa kusoma jedwali tu. Mistari ile ikanionyesha tundu kwenye anwani ambayo mashine yetu haikuwa na kitu. Ndipo nikaelewa. Chipu ilikuwa imekuja na jedwali lake. Kerneli yetu ilikuwa inasoma habari za marehemu.

Kuna neno unaloweza kuiandikia kerneli kabla haijaamka, kwamba isiliamini jedwali, iende yenyewe kubisha hodi. Nikaliandika. Ikaenda kwenye anwani ya desturi, ikaweka namba, ikaisoma tena. Namba ikarudi ile ile: kumbe kuna kitu pale. Tundu likaonekana, modemu ikalia, na mzee akanishika bega.

Ujumbe ukaondoka. Jibu kutoka Niania likaja jenereta likikaribia kuzima: lori liliondoka jana, dada yako yumo, bila shaka wamekwisha kupita Epulu, njiani kuja kwenu.

Nilikaa pale mpaka umeme ukakatika. Nilichukia kila kitu, hata ile namba iliyorudi.

Habari nyingine tuliletewa na mwanamke aliyekuwa na dada kwenye lori. Alikuja nyumbani kwetu akiwa na kiatu kimoja, akakataa kuketi. Alinivuta uani. Alisema kwenye kizuizi waliteremshwa wote, kadi zao zikakusanywa. Dada alizungumza na wale vijana kwa lugha yetu, akawatajia ukoo wa baba na kilima cha babu. Mmoja wao alishangaa, akataka kumrudisha kwenye lori. Yule aliyeshika kadi ya dada akakataa.

“Karatasi haidanganyake,” alisema, na wakampeleka kwenye majani, hakurudi.

Tangu vita vianze, mama alikuwa ametufundisha jambo moja: mkifika kwenye kizuizi, salimuni kwanza kwa lugha yetu, kadi baadaye. Aliamini hakuna mtoto wa kwetu atakayesikia salamu ile na asiitike.

Niliingia kumwambia. Alikuwa amejigeuza ukutani, kumbe amekwisha kusikia. Hakulia mbele yangu. Aliuliza habari ya salamu tu.

“Aliwasalimia?”

“Aliwasalimia, mama.”

“Kwa luga yetu?”

“Kwa luga yetu.”

“Na waliitika?”

Nikamwambia mmoja aliitika.