Tenga la Machungwa la Dada Zena

Si mafuta ya taa, nyie! Nta ya nyuki ndo tulikuwa tunapaka machungwa. Najua mngeniuliza tu, nimewawahi. Maana nyie wa siku hizi chungwa likilala mara mbili mshalikimbiza kwenye friji, na humo humo linaota ndevu.

Enzi za Mwingereza, sie watoto hapa Temeke, msimu wa machungwa ukiisha umeisha. Labda uwe na bibi kama wetu. Anayeyusha nta, anatia mafuta ya nazi kidogo, nyumba nzima inanukia asali, sie tunaacha kucheza kombolela tunakuja kuchungulia. Anapaka kwa kitambaa, moja moja, kila chungwa na kikonyo chake, anapanga kwenye tenga lenye majani makavu. Na kelele zake, sauti imekwaruza kama mlango: "Likiwa na maji usilipake! Utayafungia maji humo, lioze!"

Dada yangu Zena akaposwa na kijana wa Kurasini, kuli wa bandarini. Alimpenda, jamani! Akitajiwa jina lake tu, kata ya maji inamdondoka. Sasa kwetu, mwali akishaposwa, tenga analipaka mwenyewe. Wakwe wakija kupanga siku ya ndoa, linafunguliwa mbele yao, waone kama binti anajua kutunza.

Zena akataka yake yang'ae kuliko ya wenzie. Bibi kaenda msibani Kisarawe, huku nyuma mwenzangu kayaosha yote, kayasugua, na kwa pupa kayapaka hayajakauka. Yaling'aa kweli! Bibi kurudi, akakuta tenga limeshafungwa, akamsifu.

Wiki kadhaa zikapita, wakwe wakaja. Mama mkwe pande la mtu, kaujaza mkeka peke yake, anaongea kwa puani: "Haya mwali, tuonjeshe."

Zena akafunua. Majani yote yameloa. Machungwa yamevaa ukungu wa kijani, ukigusa, kidole kinazama. Akachakura mpaka chini ya tenga, anatafuta hata moja zima. Hamna.

Leo mngecheka, mkatuma mtu sokoni. Zena wetu hakuposwa tena. Kazeekea chumba kile kile, na mie ndo niliyemvika sanda. Yote kwa maneno ya yule mama, alivyoinuka anakung'uta kanga yake, wala hakupandisha sauti:

"Machungwa yamemshinda, mwanangu atamuweza? Twendeni."