Kuzeesha Kiti Si Kukipiga

Siku yangu ya kwanza kwenye karakana ya Thika nilipewa ufagio. Ilikuwa miaka ya hamsini, wanaume wengi wa kwetu wamekamatwa na serikali ya mkoloni, mume wangu akiwa mmoja wao, na mwenye karakana, Mhindi tuliyemwita Mistri, alikuwa amebaki na mafundi wachache mno. Aliniajiri nifagie maranda. Mimi nilikuwa nimekuja kutafuta kazi ya mbao, nikasema hivyo bila haya.

"Mwanamke hashiki patasi hapa," nyapara akanijibu. "Shika hicho ulichopewa."

Haya, nikashika. Lakini macho yalikuwa yangu.

Nyinyi vijana mtashangaa. Wazungu wa mashamba ya kahawa waliagiza meza za mti wa mwiri, mbao mpya nzuri kabisa, kisha wakataka zionekane kuukuu, kana kwamba babu zao walizilia hapa. Na walikuwa wamekuja juzi! Kazi hiyo tuliiita kuzeesha. Kingo zilipunguzwa makali kwa tupa. Mbao ikachapwa na mnyororo ipate mabonde, ikatobolewa kwa msharasi wa fundi viatu ionekane imeliwa na dudu. Ikapakwa chai nzito, na ilipokauka ikapakwa siki iliyolowekwa misumari yenye kutu. Hapo mbao hugeuka nyeusi ukiitazama. Mwisho ni nta iliyochanganywa na masizi.

Kila fundi pale alijitengenezea meza yake ya kazi kwa mbao alizopewa na Mistri. Kupewa mbao hizo ndiko kuitwa fundi, asiyepewa alifanya kazi sakafuni. Nilizitaka kuliko chakula, siwafichi.

Basi Bwana mmoja wa shamba la Ruiru akaleta viti vitano vya zamani, akataka cha sita kinachofanana navyo. Nyapara akaunga viwili, kimoja cha akiba. Cha kwanza akakichapa mnyororo kila mahali, hata upande unaotazama sakafu. Mistri akakizunguka.

"Kiti hii iko mzee ama imepigwa na askari?"

Aii, tulicheka! Nyapara hakucheka. Nami nikaweka ufagio chini.

"Mistri, nipe mimi kile cha akiba."

"Ukiharibu, nyumbani moja kwa moja. Hata ufagio hapana."

Nyumbani nilikuwa na watoto wanaokula kwa ufagio huo. Lakini nikasema sawa.

Sikuanza na mnyororo. Nilianza kwa kuvikalia vile vya zamani. Visigino vyangu vilitua kwenye mti wa mbele unaounga miguu ya kiti, nikaona ndipo ulipolika. Juu ya mgongo palikuwa laini upande mmoja, pale mkono unapovuta kiti kutoka mezani. Chini, pasipofikiwa na mtu, mbao ilikuwa nzima. Nikajiambia kitu huzeeka pale kinapotumiwa. Nikasugua kwa gunia na mchanga wenye maji pale tu mtu anapogusa, mpaka viganja vikachubuka. Mnyororo niliutumia kidogo, pembeni, kisha nikakipaka chai, siki na nta mpaka rangi ikalingana na vile vya zamani.

Bwana wa Ruiru alipokuja akavitazama viti vilivyopangwa, uso ukawa mwekundu.

"Mistri, hivi ni vyangu vya zamani tu. Kipya kiko wapi?"

"Hesabu, Bwana."

Akahesabu. Akahesabu tena, akiviinua kimoja kimoja. Hakusema asante, akapakia akaenda. Mistri akaingia stoo, akarudi na mbao za mvule begani mwake mwenyewe, akaziangusha mbele yangu. Nililia pale pale mbele ya wanaume, wala sikujifuta.

Meza hiyo niliiunda kwa mikono hii. Mume wangu aliporudi alinikuta fundi. Mistri alipofungua karakana Ruiru alinituma huko, meza yangu ikapanda lori pamoja nami. Nyapara wa huko naye akauliza nani amemruhusu mwanamke. "Muulize Mistri," nikamwambia, nikaendelea kupiga randa. Nilikaa huko mpaka nikastaafu, nikarudi kwangu Mugutha na meza yangu.

Juzi kijana anayeuza samani kule Mwihoko aliiona uani. Akapapasa ukingo wa mbele, pale ulipobonyea.

"Shosho, hapa mlizeesha na nini? Iko poa sana. Niuzie."

"Na tumbo langu," nikamwambia. "Nikiwa na mimba na nikiwa sina, nimeegemea hapo kila siku ya kazi mpaka mbao ikakubali. Toa mkono."