Jaji Aliyenyonya Kwetu

Mtoto wa marehemu dada yangu nimemlea mie tangu hajaota meno. Alipofika kusomea shahada ya pili, mambo ya bahari, nilikuwa sielewi tena anachosoma. Nilijua tu kuwa kinahusu mwani unaooza kule Paje, na kwamba wanawake wa huko walishamzowea hata wakimwita mkwe wao.

Miaka ya tisini ikielekea ukingoni, wataalamu wa bahari walifanya mkutano wao hapa mjini, katika ukumbi wa hoteli moja Shangani. Wanafunzi wa shahada za juu walipewa siku yao ya kueleza tafiti zao mbele ya majaji, na mshindi angepelekwa kwenye mkutano mwengine ng'ambo. Binti yangu aliitaka safari ile kuliko chakula. Huko ndiko alikokuwa mwalimu aliyesema atamchukua kwa shahada ya tatu, ila kwanza amuone na amsikie.

Nilikaa viti vya nyuma. Kiingereza changu ni cha darasa la nane na kimeshaliwa na kutu, kwa hiyo nayasema haya kama mtu aliyekuwa akitazama nyuso. Msomaji anipunguzie hapo.

Majaji walikuwa watatu: mama wa Kizungu, bwana wa bara mwenye suti, na mzee mmoja wa hapa hapa Unguja, kavaa kanzu na kofia ya viua. Binti alipoanza kusema, wale wawili walikuwa wakiandika. Yule mzee aliweka kalamu chini. Hakutazama picha za mwani ukutani, alimtazama msichana, usoni, mpaka alipomaliza. Sikupenda.

Wakati wa chai alimfuata pale tuliposimama. Binti akamwamkia shikamoo.

"Marahaba. Weye mtoto wa nani?"

Akamtajia baba yake.

"Na kwa mama?"

Akamtajia.

"Kikwajuni hao?"

"Naam. Nyumba ya bibi ilikuwa Kikwajuni, ile yenye baraza ndefu."

Mzee akaiacha chai yake nusu, akaenda kuwatafuta majaji wenziwe.

Sasa sisi asili yetu Waarabu. Wazee wetu walikuwa na mashamba, kisha yakaja mapinduzi, wakawa hawana. Kuna miaka ambayo mtu akikuuliza kwenu wapi, jibu lilikaa kooni. Na matamshi ya yule mzee yalikuwa ya kaskazini, ya upande wa Tumbatu. Nikasema moyoni, huyu kashamjua, na kashamkata. Lakini nisimdhulumu. Kisiwa hiki kila mtu huuliza mtoto wa nani, hata muuza samaki. Mie mwenyewe nisipouliza, siku hiyo sina raha.

Jioni tuzo ikatolewa. Akapewa kijana wa bara aliyechunguza kaa wa kwenye mikoko. Kusema haki, yule kijana alieleza bila ya kusoma karatasi, na watu walicheka pale alipotaka wacheke. Ila niliona pia kuwa yule mzee hakukaa meza ya majaji. Alikuwa peke yake dirishani.

"Ushakatwa," nikamwambia binti.

"Mamdogo, usiseme usilolijua."

"Kwani mwani na Kikwajuni vina udugu gani?"

Alikuwa akizikunja karatasi zake kidogo kidogo, kama mtu anayekunja nguo za maiti.

Nikamngojea yule mzee penye ngazi.

"Shikamoo. Mie ndiye mama mdogo wa yule msichana wa mwani. Nataka kukuuliza, na nikikosea unisamehe. Ulimuuliza kwao kwa ajili gani?"

Akasema, "Kwa hivyo weye ni mdogo wake yule marehemu."

"Ndiye."

"Basi mie ni kaka yenu. Mama yenu kaninyonyesha."

Akanieleza taratibu. Mama yake aliletwa mjini anaumwa, yeye akiwa mchanga, wakashukia kwa jamaa nyuma ya nyumba yetu ya Kikwajuni. Maziwa yakamkauka. Mama yangu alikuwa na dada yangu kifuani, akamchukua na yeye, huku ziwa hili, huku lile. Mie nilikuwa sijazaliwa. Alipomuona msichana pale mbele, akaona uso anaoujua, na alipopata jibu akawaambia wenziwe kuwa mshindani mmoja ni mtoto wa dada yake, kwa hiyo yeye ajitoe. Wakabaki wawili. Mmoja alimtaka binti yetu, mwengine kijana wa kaa. Wakazungumza, wakaafikiana kijana.

"Na weye ulikuwa upande gani?"

"Hilo sikwambii."

"Mama alikunyonyesha mara ngapi? Mara moja haifanyi udugu."

"Bibie, nani alikuwa akihesabu? Mie nilikuwa nanyonya."

Nilirudi nyumbani na maneno hayo kama mtu aliyepewa kifurushi njiani asijue kina nini. Kama ni kweli, alifanya haki, na haki yake imetunyima safari. Kama ni uongo, basi ni uongo uliopambwa vizuri mno, maana mama kafa na dada kafa. Nikenda Kikwajuni kwa bibi mmoja kizee, jirani yetu wa zamani, nikamuuliza.

"Mtoto alikuwapo," akasema. "Mama yako akiwanyonyesha wawili, nakumbuka. Lakini huyo mwengine wa kike au wa kiume, mwanangu, nikikwambia nakumbuka ntakuwa nakudanganya."

Binti naye aliniuliza kila siku neno hilo hilo: "Ni mjomba wangu au si mjomba?" Alitaka ajue kama ameshindwa au ameibiwa.

Ijumaa moja, baada ya sala, tukasikia hodi. Ni yeye. Mie niko kichwa wazi, na kanga iko juu ya kiti. Nikijifunika, kama mtu anavyojifunika mbele ya mwanamme asiye nduguye, nimemwambia usoni kuwa ni mwongo. Nikikaa hivi hivi, nimekubali kuwa ni kaka yangu, na kuwa binti hakudhulumiwa. Nikaichukua kanga, nikabaki nayo mkononi.

Binti hakungoja. "Karibu, mjomba," akasema, na ile "mjomba" ilikuwa na ncha. "Kwa kuwa ni mjomba wangu, basi hutonihukumu tena maisha."

"Sitokuhukumu."

"Basi soma makala hii. Nataka kuipeleka mkutano wa mwakani. Na ile kauli yako uliyomficha mamdogo, niandikie humo humo."

Mzee akakaa, akatafuta miwani yake katika mfuko wa kanzu, akaomba kalamu. Ukurasa wa kwanza akaupiga mstari karibu nusu.

"Hapo pana nini?" binti akamsogelea.

"Umedai usichokipima."

"Nimekipima. Tazama chini."

"Chini umepima kingine."

Wakaanza kubishana. Nikenda jikoni kuweka chai, na huko nikajitanda kanga vizuri, mpaka kwenye paji. Nilipotoka ilikuwa imeniteleza mpaka mabegani, kichwa kiko wazi, na mikono yangu yote miwili imeshika sinia. Mzee hakuinua macho kwenye karatasi.